Globu ya Wati 15 Inayokula Wati 8: Namna ya Kuchagua Taa za Kuokoa Umeme

Nilizinunua Kariakoo, globu sita za LED, shilingi 1,500 kila moja. Kwenye boksi imeandikwa 15W kwa tarakimu kubwa nyekundu. Muuzaji akanihakikishia: "Kaka, hii ni kumi na tano, ukiiwasha usiku jirani atadhani kumekucha." Nikafunga sebuleni, jikoni, barazani na vyumbani. Usiku ulipoingia nikagundua kwamba mwanga wa sebuleni ulitosha kutafutia viatu, lakini si kusomea gazeti.

Kesho yake Jumapili nikaamua kuipima kesi hii kwa mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Nilichomoa friji, televisheni, chaja na kila kilichokuwa ukutani, nikawasha zile globu sita peke yake, nikasimama mbele ya mita na saa ya simu mkononi. Mita nyingi zina kitaa chekundu kinachomemeta, na pembeni yake kuna maandishi kama 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba kitaa kikimemeta mara 1,000, uniti moja imekwisha. (Nyingine zimeandikwa 800 au 1600, soma yako kwanza. Na kama mita yenyewe iko juu ya nguzo na ndani una kile kiremoti tu, jaribio hili halikuhusu.) Globu sita za wati 15 ni wati 90, na kwa wati 90 kitaa kinatakiwa kumemeta kila baada ya sekunde 40. Changu kilichukua sekunde 72. Kwa mita ya 1000 kama yangu, gawanya 3,600 kwa hizo sekunde 72, unapata wati 50. Globu zangu za "kumi na tano" zilikuwa zinakula wati nane na kidogo kila moja.

Mtu anaweza kusema: si afadhali, umeme umetumika mdogo zaidi? Hapo ndipo penye fundo lenyewe. Wati za uongo hazikuongezei bili, zinakuibia mwanga. Na zinaweza kukuibia kwa sababu sote tumezoea kununua taa kwa wati, wakati wati si kipimo cha mwanga hata kidogo. Ni kipimo cha umeme unaoingia. Kununua taa kwa wati ni sawa na kupima utamu wa wali kwa gunia la mkaa lililoupikia.

Mazoea hayo yalikuwa na maana zamani, taa zote zilipokuwa za aina moja. Globu ile ya njano, ya kioo, ina uzi mwembamba wa tungsteni ambao umeme unaupasha mpaka nyuzijoto kama 2,500 za Selsiasi, ukang'aa. Karibu umeme wote unageuka joto. Kinachotoka kama mwanga ni kama asilimia 5 tu. Waliofuga vifaranga wanaijua vizuri, kwa sababu wao waliinunua kama jiko na mwanga ulikuwa nyongeza. Kwa kuwa globu zote zilipoteza umeme kwa kiwango kilekile, ukisema 40, 60 au 100 kila mtu alijua unataka mwanga kiasi gani. Kipimo halisi cha mwanga ni lumeni. Globu ya njano ya wati 60 hutoa lumeni 700 hadi 800. LED nzuri hutoa lumeni hizo hizo kwa wati 8 au 9. LED mbaya, kama zangu, inaweza kula wati 8 na kutoa nusu ya hizo. Kwa hiyo unapoligeuza boksi dukani, tafuta "lm". Boksi langu la Kariakoo niligeuza pande zote sita, nikafunua na karatasi ya ndani. Hakuna lumeni popote.

Katikati ya globu ya njano na LED tulipita kwenye zile za mirija iliyojikunja, ambazo watu wengi waliziita enejiseva kana kwamba ndilo jina zililozaliwa nalo. Zilikuja kwa kishindo. Uganda mwaka 2007, Ziwa Victoria lilipokuwa limepungua na mabwawa ya umeme hayana nguvu, serikali iligawa bure takribani taa 800,000 za aina hiyo ili kupunguza mzigo wa saa za jioni. Ndani ya mrija kuna mvuke wa zebaki, miligramu chache tu. Umeme ukipita humo hutoa mionzi isiyoonekana, na ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo unaigeuza kuwa mwanga. Zilikula robo ya umeme wa globu ya njano, na zilistahili sifa kwa wakati wake. Leo sioni sababu ya kununua nyingine. Zinachelewa kufikia mwanga kamili, haziipendi washa-zima ya chooni, na zebaki ni zebaki. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana Bali mwaka 2022 kwamba zile za majumbani zikome kutengenezwa na kuuzwa nje au kuingizwa nchini baada ya 2025, na mwaka uliofuata, Geneva, wakaziwekea mwisho wa 2027 zile tyubulaiti ndefu pia. Ukiwa nazo bado na moja ikapasuka, fungua madirisha, toka chumbani dakika kumi au kumi na tano, kisha zoa vipande kwa karatasi ngumu, si kwa mikono mitupu, uvitie kwenye kopo lenye mfuniko.

LED haina uzi wala gesi. Ni kipande kidogo cha kitu kigumu ambacho umeme ukipita, kinatoa mwanga moja kwa moja bila kupitia njia ya moto. Nyekundu na kijani zilikuwepo miaka mingi kwenye redio na rimoti. Iliyosumbua wanasayansi ilikuwa ya buluu, na bila buluu hupati nyeupe. Wazaliwa watatu wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura (huyu wa mwisho alikuwa amechukua uraia wa Marekani), walipewa Nobeli ya Fizikia ya 2014 kwa kuipata. Ukiifungua globu ya LED iliyokufa utaona vidoa vya njano vimepangwa kwa duara. Chini ya kila kidoa kuna taa ya buluu, na ile njano ni dawa iliyopakwa juu yake. Buluu na njano zikichanganyika, jicho linaona nyeupe.

Sasa tuje kwenye hela. Nitatumia bei za umeme za Tanzania zilizoanza Aprili 2016 ambazo wengi wetu tumezizoea: mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 inakuwa kama 356.

Watu wakibadilisha taa huanza na sebule, kwa sababu ndiyo inayoonwa na wageni. Lakini taa inayokula hela kuliko zote ni ile ya nje, ya ulinzi, ambayo hakuna anayeitazama. Huku kwetu karibu na Ikweta usiku ni saa kumi na mbili, masika na kiangazi. Globu ya njano ya wati 60 inayowaka usiku kucha inakula uniti 21.6 kwa mwezi, kama shilingi 7,700. Weka LED ya wati 7, inakuwa uniti 2.5, shilingi 900. Hata ukiitoa enejiseva ya wati 18 na kuweka LED ya wati 9, unaokoa zaidi ya uniti tatu kila mwezi, na kwa shilingi 3,500 ya globu nzuri umerudisha mtaji kabla ya miezi minne kwisha. Halafu chukua taa ya chooni inayowaka, tuseme, dakika 20 kwa siku. Globu ya wati 60 mle ndani inakula uniti 0.6 kwa mwezi. Ukiibadilisha, utaokoa kama shilingi 180. Ni taa ileile, na hasara yake ni tofauti kabisa, kwa sababu bili inaandikwa na saa za kuwaka kuliko kitu kingine chochote. (Na ile ya nje inayosahauliwa ikawaka mpaka adhuhuri, hiyo haiokolewi na LED yoyote. Kifungie kitambuzi cha mwanga, ijizime alfajiri yenyewe.)

Kwa mteja wa D1, yaani wa nyumba inayotumia umeme mdogo, hesabu ina kona nyingine. Uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, na zinazozidi hapo ni 350. Pamoja na kodi na tozo ni 122 na 427. Nyumba inayotumia uniti 90 inalipa 9,150 kwa zile 75, halafu 6,405 kwa zile 15 za juu. Uniti unayoiokoa daima ni ya mwisho, yaani ile ya 427. Na ukizidi 75 mara kwa mara unaweza kuhamishiwa T1, ambako uniti hizo hizo 90 zinagharimu zaidi ya 32,000. Kwa familia iliyo karibu na mpaka huo, globu mbili tatu ndizo zinazoamua uko upande gani. Kwa aliye mbali na mpaka, mwenye friji mbili na hita ya kuogea, naomba asitarajie miujiza: pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja imekula umeme ambao LED ya wati 9 ingekaa nao saa 111.

Kitu cha pili ambacho boksi linakuambia, ukikijua kukisoma, ni rangi ya mwanga. Inaandikwa kwa kelvini, na inachanganya kwa sababu inakwenda kinyume na tunavyofikiri: namba ndogo, 2700K au 3000K, ni mwanga wa njano wenye joto machoni, kama jioni, namba kubwa, 6500K, ni mweupe unaoelekea buluu, kama wa benki au hospitali. Madukani kwetu 6500K ndiyo imejaa, na nadhani ni kwa sababu mnunuzi huiwasha dukani na ile nyeupe kali inaonekana "kali zaidi" hata kama lumeni ni zilezile. Jikoni na mahali pa kusomea sina ugomvi nayo. Chumbani kwa kulala sitaki hata kuiona. Mwanga wenye buluu nyingi unauambia mwili kwamba bado ni mchana. Barazani ndiko ilikonifundisha adabu. Wadudu wengi wa usiku huvutwa zaidi na mwanga unaoelekea buluu, na mvua za kwanza zilipoanguka, kumbikumbi wakafunga mkutano mkuu mlangoni kwangu. Nikaweka ya 3000K. Hawakuisha, lakini tukaweza kula barazani bila kufunika sahani.

Kuna na namba inayoitwa Ra au CRI, inayosema mwanga unaonyesha rangi za vitu kwa ukweli kiasi gani. Jua ni 100. Kwa nyumbani tafuta 80 na kuendelea. Aliyewahi kununua kitenge usiku, akafika nacho nyumbani asubuhi na kukuta si rangi aliyoichagua, hahitaji maelezo zaidi.

Lakini malalamiko makubwa ninayoyasikia kuhusu LED ni kwamba zinakufa. Boksi linasema saa 15,000 au 25,000, na kwa saa tano kwa siku hata hizo 15,000 ni miaka minane, halafu taa haimalizi Ramadhani mbili. Nilizifungua mbili zangu. Kikombe cheupe cha plastiki hutoka kwa kuzungusha kwa nguvu, na chini yake nikakuta vile vidoa vya njano kumi na viwili, vyote safi, isipokuwa kimoja chenye alama nyeusi katikati, ndogo kama kichwa cha sindano. Kimoja tu. Vimeungwa kwa mnyororo, umeme ukitoka hiki kwenda kile, kwa hiyo mmoja akifa msafara wote unasimama. Mafundi wa mtaani huunganisha waya juu ya kile kilichokufa na taa inawaka tena. Sikushauri. Waliobaki wanabeba mzigo wa marehemu na watamfuata punde, na globu nyingi za bei rahisi hazina kinga yoyote kati ya umeme wa ukutani na hivyo vidoa, kwa hiyo ukiigusa ikiwa imewaka umeugusa umeme wenyewe.

Muuaji ni joto. LED haitupi joto mbele kama globu ya njano. Joto lake linabaki nyuma, shingoni, palipo na saketi inayobadilisha umeme. Humo mara nyingi kuna kapasita, kikopo kidogo chenye majimaji ndani, na kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzijoto 10 zikiongezeka, umri wake unakatika nusu. Ndiyo maana LED iliyofungwa ndani ya kile kibakuli cha kioo kisicho na tundu hufa mapema kuliko ndugu yake anayening'inia wazi. Ishike mkononi kabla hujalipa. Zile zangu za 1,500 zilikuwa nyepesi kama ganda la yai. Nzuri huwa na uzito kidogo shingoni, kwa sababu kuna kipande cha alumini cha kubebea joto. Muuaji wa pili ni umeme wetu wenyewe, unaopanda na kushuka. Chagua iliyoandikwa masafa mapana, mfano 100-265V. Iliyoandikwa 220-240V tu inaweza kupepesa kila jirani anapowasha mashine ya kuchomelea vyuma.

Na hizo saa 15,000 zenyewe mara nyingi hazihesabiwi mpaka taa izimike. Zinahesabiwa mpaka mwanga wake ushuke kufikia asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo taa inaweza kuwa hai na imekwisha muda wake.

Mwaka jana mama alinipigia kutoka Tanga. Hata sikumaliza shikamoo.

"Marahaba. Mwanangu, hizi taa ulizoniletea zina nini? Nazima, naingia kitandani, zinabaki zinanitazama."

Mwanga mdogo, kama wa kimulimuli, usiku kucha. Jirani yake alikwisha mshauri atafute mtu wa kusoma dua. Nilimwomba ampigie fundi, naye fundi aligundua nilichokuwa nakishuku: swichi ya chumbani ilifungwa kwenye nyutro, waya wa kurudishia umeme, badala ya waya wa moto unaouleta. Ukizima swichi ya namna hiyo, taa inazimika, lakini waya wa moto bado umefika mpaka kwenye holda, na umeme kidogo sana huvuja kupitia waya na bati la paa. Globu ya njano haiwezi kufanya lolote na umeme huo. LED, kwa kuwa inatosheka na kidogo, inawaka. Wakati mwingine sababu ni nyepesi zaidi, kama zile swichi zenye kitaa chekundu cha kuonyesha zilipo gizani, au nyaya mbili ndefu zilizolazwa pamoja ukutani. Ila hiyo ya nyutro usiiache, kwa sababu ina maana kwamba miaka yote mama alipopanda kiti kubadilisha globu akidhani amezima, umeme ulikuwa unamsubiri kwenye holda. Taa iliyomtisha ndiyo iliyofichua kosa la waliofunga nyaya za nyumba.

Sijazungumzia zile za kuchaji, zinazoendelea kuwaka umeme ukikatika, na najua kipindi cha mgawo kila nyumba ilinunua. Ndani yake kuna betri ndogo ya lithiamu, na wati zilizoandikwa nje ni za umeme wa ukutani. Ikiwa kwenye betri hutoa mwanga mdogo zaidi. Iweke moja sebuleni na moja ngazini ukipenda. Kujaza nyumba nzima ni kununua betri sita ambazo zote zitachoka. Na usishangae ukizima meni swichi kuijaribu halafu ikakataa kuwaka: inatambua kukatika kwa umeme kwa kuhisi vifaa vya mtaa mzima vilivyounganishwa kwenye waya, ukiutenga mtaa inadhani umezima swichi.

Dukani, basi, mimi siku hizi nafanya hivi. Naangalia holda kwanza, ya pini au ya skrubu, maana nimesharudi nyumbani na isiyoingia zaidi ya mara moja. Natafuta lumeni, kelvini, volti na alama ya TBS, shirika la viwango. Sebule ya mita nne kwa nne naipigia hesabu ya lumeni 2,000 hivi, na nazigawa kwa taa mbili kuliko kuweka moja kali katikati inayoumiza macho. Namwomba muuzaji aiwashe kwenye holda yake ya kujaribia, nawasha kamera ya simu, naisogeza karibu na taa. Mistari myeusi ikitembea kwenye kioo, taa hiyo inapepesa, jicho halioni lakini kichwa kinaweza kuuma jioni, naomba nyingine. Kisha nanunua moja, naiwasha wiki nzima mahali pa nje panapowaka usiku kucha, ndipo narudi kuchukua zilizobaki.

Zile sita za Kariakoo ziliishi miezi saba, ya mwisho ikafa juma lililopita. Za sasa nimeanza na nje, nikaja jikoni, sebuleni, vyumbani. Chooni kuna globu ya njano ya wati 40, imekuwepo tangu tulipohamia, na sijaona sababu ya kuitoa.